Solfa ya kwaya, Bach na jazz: uzi wa wapiga kinanda wa Kisumu, Magharibi na Nakuru

#1 KinandaKondele

Wadau, salamu kutoka Kisumu.

Uzi huu ni wa wale wanaopiga kinanda kanisani, kwenye kwaya za shule na kwenye harusi huku kwetu: Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma, hadi Nakuru. Wengi wetu tulijifunza kwa sikio. Unakaa karibu na mpiga kinanda wa kanisa, unatazama vidole vyake, siku moja hajafika na unaambiwa, "Hebu keti hapo." Leo tunapiga sebene kanisa zima linasimama. Lakini ukitaja Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, au jazz, wenzetu wanasema hayo ni mambo ya waliosomea ng'ambo.

Mimi nasema hivi: kama umewahi kuimba kwaya kwa solfa (do, re, mi), nusu ya elimu hiyo unayo tayari. Iliyobaki ni kazi ya vidole. Nitaeleza kwa nini, halafu mniulize.

Solfa ina historia ndefu. Katika karne ya 11, Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, alikuwa na waimbaji waliohangaika miaka mingi kukariri nyimbo za ibada. Alichukua wimbo wa Mtakatifu Yohana ambao mistari yake inaanza kila mmoja kwenye noti ya juu kuliko uliotangulia, akatumia silabi za mwanzo wa mistari hiyo, ut, re, mi, fa, sol, la, kuwa majina ya noti. Karne ya 19, Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, Uingereza, alitengeneza solfa ambayo do inahama: do ni nyumbani, popote wimbo unapokaa. John Curwen, mchungaji, aliiboresha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaja nayo Afrika pamoja na vitabu vya nyimbo. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 kwa solfa, na sauti hiyo ndiyo Watanzania wanaimba leo kama "Mungu Ibariki Afrika". Kwa hiyo ile karatasi ya kwaya iliyofubaa, yenye d, m, s na juu yake imeandikwa "Doh ni G", usiionee haya mbele ya mtu yeyote.

Nguvu ya solfa ni kwamba inakuambia noti inafanya kazi gani. Ti inavuta kwenda do. Fa inaegemea mi. So inasubiri kurudi nyumbani. Mwanakwaya wa alto anayajua haya mwilini, hata kama hajawahi kuyasema kwa mdomo.

Sasa keti kwenye kinanda, do iwe C ya katikati. Kwenye kinanda cha vibonyezo 61 hiyo ni C ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Kwenye piano kamili ya 88 ni ya nne. Johann Sebastian Bach (1685–1750) alikamilisha mwaka 1722 kitabu cha preludi (vipande vya kufungulia) na fugi (sauti zinazofukuzana), jozi 24, meja na maina kwa kila moja ya noti 12. Preludi ya kwanza, ile ya C, inaanza hivi:

Kipimo cha 1: do mi so do mi
Kipimo cha 2: do re la re fa
Kipimo cha 3: ti re so re fa
Kipimo cha 4: do mi so do mi

Noti mbili za kwanza ni za mkono wa kushoto, tatu zinazofuata ni za kulia. Unapiga zote tano kwa mfuatano, unarudia zile tatu za kulia, kisha unapiga hayo yote tena mara ya pili. Hapo umemaliza kipimo kimoja. Ile ti ya kipimo cha tatu ni ya chini, iko jirani kabisa na do. Pigeni polepole, msikanyage pedali bado.

Umesikia? Kipimo cha pili ni re fa la pamoja na do: kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya pili, iliyojengwa juu ya re, yenye noti ya saba ukihesabu kutoka hapo, na hiyo saba ameiweka besi. Kipimo cha tatu ni so ti re fa: kodi ya tano yenye saba, ti ikiwa besi. Kisha nyumbani. Moja, mbili, tano, moja.

Mtafute mpiga piano wa jazz, wa New York au wa Nairobi, umwulize anafanya mazoezi gani kila siku. Atakuambia: mbili-tano-moja. Kodi hizohizo! Kwenye jazz mkono wa kushoto unaweza kushika noti mbili tu za kila kodi, ya tatu na ya saba, na kumwachia mpiga besi zile za chini:

Kodi ya mbili: fa na do
Kodi ya tano: fa na ti
Kodi ya moja: mi na ti

Tazama vidole. Kwanza do imeshuka ti, fa imetulia. Kisha fa imeshuka mi, ti imetulia. Kila mara kinasogea kidole kimoja, nusu toni, yaani kibonyezo cha jirani kabisa. Sasa rudi kwa Bach: besi yake inatoka do kwenda ti, na fa iliyo juu kabisa inashuka mi. Ni mwendo uleule. Tofauti ni kwamba Bach anairudisha ti kwenye do, na mpiga jazz anaiacha ibaki juu ya kodi ya nyumbani, ikitoa ile ladha tunayoitambua mara moja kwenye rekodi.

Kuna jambo lingine. Wakati wa Bach, mpiga kinanda aliyesindikiza waimbaji mara nyingi hakuandikiwa noti zote. Alipewa mstari wa besi na namba juu yake, 6, 7, 4 na 2, na mkono wa kulia akaujaza mwenyewe papo hapo. Mpiga jazz naye hupewa karatasi yenye sauti ya wimbo na majina ya kodi, mengine anayatoa kichwani. Wewe unapewa nini Jumapili? Mwimbishaji anaanza wimbo bila kukuambia do iko wapi, unamtafuta, unamjazia. Mnafanya kazi moja. Mwaka 1747 Bach alifika Potsdam, mfalme Frederick wa Prussia akampa sauti ngumu, naye akapiga fugi ya sauti tatu juu yake bila maandalizi. Mozart na Beethoven nao walisifika kwa kubuni muziki mbele ya watu. Anayedhani waliopiga muziki wa klasiki walikuwa wakisoma karatasi tu hawajui vizuri.

Sasa niseme lililonifanya nianzishe uzi. Kitufe cha transpozi kinatumaliza. Mwimbishaji akipandisha wimbo, tunabonyeza kitufe na vidole vinabaki C. Sikio linasikia A flati, vidole vinasema C, na baada ya miaka sikio na mkono haviongei tena. Solfa ilitengenezwa ili do ihame. Kinachotakiwa ni vidole vihame nayo. Bach aliandika kila jozi kwenye do yake kwa sababu hiyo pia: alisema wazi kwenye ukurasa wa mbele kwamba kitabu ni cha vijana wanaotaka kujifunza. Zimeni hicho kitufe.

#2 TenaWaKakamega

Asante ndugu Kondele. Hayo ya mbili-tano-moja nimejaribu usiku huu kwa headfoni na kweli vidole havisogei.

Ila nina neno. Umeanza na mtawa wa Italia, ukaenda Uingereza, ukamaliza Ujerumani. Jazz ilitoka kwa watu weusi. Huku kwetu tuna isukuti, na ngoma zile hazikumsubiri Bach. Mbona sisi hatumo kwenye hadithi yako?

#3 KinandaKondele

@TenaWaKakamega swali lako ni zito na nashukuru umeliuliza. Post ya kwanza ilikuwa ya kodi. Kodi ni upande mmoja. Upande wa pili ni mdundo, na huko njia inatoka kwetu.

Jijini New Orleans, Marekani, watumwa waliruhusiwa kukusanyika Jumapili kwenye uwanja ulioitwa Congo Square. Walipiga ngoma, waliimba kwa kuitikiana, walicheza kwa duara. Katika mji huo palikuwa pia na bendi za tarumbeta za maandamano, opera, na nyimbo za makanisa. Jazz ilizaliwa mahali mambo hayo yalipokutana, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Kabla yake palikuwa na ragtime: Scott Joplin, kijana mweusi wa Texarkana, alifundishwa na Mjerumani, Julius Weiss, na mwaka 1899 akachapisha "Maple Leaf Rag". Mkono wa kushoto unatembea kama bendi ya maandamano, wa kulia unaweka mkazo mahali ambapo hukuutarajia. Rekodi za kwanza za jazz zilitoka mwaka 1917. Kisha akaja mpiga tarumbeta Louis Armstrong, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901, na rekodi zake za kuanzia 1925 zikaonyesha mpigaji mmoja anaweza kusimama mbele na kubuni hadithi nzima juu ya kodi. Mwaka 1956 alifika Gold Coast, Ghana ya leo, na umati ulijaa kumsikiliza.

Sasa isukuti. Kila nikisikia ngoma zile tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nasikia mapigo sita yakigawanywa kwa namna mbili kwa wakati mmoja: mawili makubwa hapa, matatu pale. Unesco iliuweka mchezo huo wa Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mimi naona ni darasa la muziki ambalo shule zetu zinalipita tu njiani. Fanya hivi mezani. Hesabu moja hadi sita bila kukatika. Mkono wa kulia unagonga moja, tatu, tano. Wa kushoto unagonga moja, nne. Tatu juu ya mbili. Mwanafunzi wa piano wa Ulaya anahangaika nayo akifika kwa Chopin au Brahms. Mtoto wa Ikolomani ameikuta nyumbani.

Swing ya jazz inakaa kwenye familia hiyo. Pigo moja linagawanywa mara tatu, noti ya kwanza inachukua sehemu mbili na ya pili inachukua moja, ndiyo maana inasikika kama inayumba. Wimbo ukiwa wa kasi sana mgawanyo huo unanyooka. Haiandikiki sawasawa kwenye karatasi. Inashikwa na mwili, kama uliyoishika wewe.

Na sisi wasema Kiswahili tumo kabisa. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York na bendi kubwa, mpangaji wa muziki akiwa Melba Liston, akarekodi albamu "Uhuru Afrika". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na yanasikika pia kwa Kiswahili: aliyeyasoma ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Utawala wa Afrika Kusini wa wakati huo uliipiga marufuku. Itafuteni usiku huu. Kila mara nikisikia Kiswahili kwenye rekodi ile, nasimama.

#4 MamaSopranoBungoma

Mwalimu, mimi ni kiongozi wa kwaya, na nina maswali mawili.

La kwanza, wazee wa kanisa letu wakisikia kijana ameongeza saba kwenye kodi wanasema analeta baa madhabahuni. Niwajibu nini kwa heshima?

La pili ni la binti yangu. Anajiandaa kwa mtihani wa piano wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, gredi ya tatu. Anayemfundisha amemkataza kabisa kupiga kwa sikio, eti ataharibika. Amekuwa akisoma noti vizuri, lakini mtoto amepoa. Zamani alikuwa anakuja kanisani anatafuta nyimbo mwenyewe.

#5 KinandaKondele

Mama, nianze na wazee.

Waambie kwa upole kwamba hata Bach, aliyefanya kazi kanisani Leipzig miaka 27, ametumia saba kwenye kipimo cha pili cha ile preludi. Na kwenye kitabu chao cha nyimbo, kodi inayotangulia ile ya mwisho ya wimbo mara nyingi ina fa juu ya so. Hiyo ni saba. Wameiimba tangu ubatizo.

Halafu kuna Thomas A. Dorsey. Alikuwa mpiga piano wa blues, akiitwa Georgia Tom. Mwaka 1932 mke wake alifariki akijifungua, na mtoto naye akafariki, na katika majonzi hayo akaandika "Take My Hand, Precious Lord", ambao umeimbwa kwenye mazishi mengi huku kwetu. Anaitwa baba wa muziki wa gospel. Zile kodi tamu ambazo vijana wetu wanaziiga kutoka video za Marekani zimepitia mikononi mwake, na yeye alizitoa kwenye blues. Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazz, alipiga tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu mwaka 1965 ndani ya kanisa kuu la Grace, San Francisco. Na Mary Lou Williams, mpiga piano aliyekuwa Mkatoliki, alitunga misa nzima ya jazz, ikapigwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York, mwaka 1975, ndani ya ibada.

Hata hivyo wazee wana hoja moja ambayo vijana waisikie. Kodi nzito zikirundikwa chini ya wimbo wa waumini wote, watu wanapoteza sauti. Waumini wakiimba, piga kodi wazi. Wakati wa sadaka au tafakari, hapo pamba.

Kuhusu binti yako, niruhusu niseme bila kumvunjia mtu heshima: sikio haliharibu noti. Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, alianza piano akiwa mtoto mdogo kanisani kwa mama yake, akasomea klasiki kwa bidii, akapita Juilliard, na ndoto yake ilikuwa jukwaa la klasiki. Sikilizeni rekodi yake ya "Love Me or Leave Me": katikati ya wimbo mkono wa kushoto na wa kulia unaanza kufukuzana kama kwenye kitabu cha Bach, huku besi na ngoma zikiswing. Mikono yake ilibeba yote mawili. Mtihani wenyewe wa ABRSM wa ana kwa ana una sehemu ya sikio, mwanafunzi anaimba na kutambua anachosikia.

Basi nyumbani fanya hivi. Akimaliza vipande vya mtihani, mwambie achukue wimbo mmoja anaoupenda wa kanisani, auimbe kwa solfa bila kinanda, kisha autafute do ikiwa C, kesho yake do ikiwa G. Dakika chache tu. Msome solfa pamoja. Mwache acheze.

#6 NakuruKwaPiano

Uzi mzuri sana. Mimi niko Nakuru, upande wa Section 58. Nimepata nafasi ya kununua piano ya zamani ya mbao kutoka kwa familia inayohama, na nahamia Kisumu mwaka ujao kikazi. Rafiki ananiambia ninunue ya umeme. Nipeni mwongozo. Na je, kinanda cha 61 kinatosha kujifunzia au ninajidanganya?

#7 FundiNyuziMaseno

Nimjibu huyu, maana kazi yangu ni kukaza nyuzi.

Bwana, piano ya mbao ina nyuzi zipatazo 230, na zikijumlishwa zinavuta fremu kwa nguvu ya tani 18 hivi au zaidi. Chini ya nyuzi kuna ubao mwembamba wa sauti. Hewa ikiwa na unyevu ubao unavimba na sauti inapanda. Ikikauka unasinyaa na sauti inashuka. Nakuru ni juu, hewa yake ni baridi na kavu zaidi. Ukiileta Kisumu, kando ya ziwa, itatoka kwenye mstari ndani ya muda mfupi. Usiikaze siku inapofika. Iache wiki kadhaa izoee nyumba, ndipo umwite fundi. Usiiweke kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana wala chini ya dirisha linaloelekea ziwa.

Kabla hujalipa, fungua kifuniko cha juu, uangalie pini za kukazia kama zimeota kutu, ubonyeze kila kibonyezo polepole kuona kama kinarudi, na usikilize kama noti moja inalia kwa sauti mbili. Pini zikiwa zimelegea kwenye ubao wao, achana nayo, hata ukipewa bure.

#8 KinandaKondele

@FundiNyuziMaseno umenifundisha, ahsante sana.

Kuhusu 61 au 88: kuna kitu ninachokijali kuliko idadi. Bartolomeo Cristofori wa Florence alipotengeneza piano ya kwanza, karibu mwaka 1700, tatizo alilotatua ni hili: kinanda cha nyuzi cha wakati huo kilidonoa uzi kwa kijino, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ilikuwa ileile. Yeye aliweka nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi, kwa hiyo mkono ukaanza kuamua ukubwa wa sauti. Moja ya piano zake, ya mwaka 1720, ipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kila kilichofuata, Beethoven na sonata zake 32, Chopin, Art Tatum, Bill Evans, kimesimama juu ya nyundo hiyo.

Kwa hiyo ukienda dukani, bonyeza kibonyezo kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, umerudi kabla ya mwaka 1700. Rudisha. Kinanda cha 61 chenye mguso ni bora kuanza nacho kuliko cha 88 kisicho nao. Ukiweza kupata cha 88 chenye vibonyezo vizito, chukua, maana vidole vinapata nguvu mapema, na ukifika kwenye piano ya kweli hutashangaa.

#9 GitaaHomaBay

Omera, na mimi niingie. Baba alikuwa na sahani za santuri za Shirati Jazz na Victoria Jazz zimejaa sandukuni. Nimekulia humo. Ukisema jazz, mimi nasikia D.O. Misiani. Mnaposema jazz mnazungumzia kitu kingine kabisa. Benga, huu muziki wetu wa magitaa, ni jazz au si jazz?

#10 KinandaKondele

Omera, bendi nyingi za Afrika Mashariki na Kongo zilijiita jazz, hata OK Jazz ya mwaka 1956 ya kule Leopoldville (Kinshasa ya leo), kwa sababu wakati ule bendi ya kisasa ya dansi yenye magitaa ilijivunia jina hilo. Ukisikiliza muziki wenyewe, benga ni yake yenyewe. Kodi zake mara nyingi ni ya kwanza, ya nne na ya tano. Uhondo uko kwenye magitaa yanavyoongea: moja linaimba mistari mifupi baada ya mwimbaji, lingine linasokota chini yake, besi inaruka badala ya kukanyaga, na mwishoni wimbo unafunguka gitaa linatawala. Wapigaji wa kwanza waliuleta mtindo huo kutoka kwenye nyatiti, kinubi cha Waluo.

Mpiga piano aitazame nyatiti kwa makini. Nyuzi nane. Mpigaji ameketi kwenye kigoda, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga fremu, njuga mguuni zinalia, mikono inapiga mistari miwili inayopishana, na juu ya yote hayo anaimba na kumsifu mtu kwa jina. Huyo mtu mmoja anafanya kazi ya mikono miwili ya Bach na ya seti ya ngoma. Ninapofundisha mikono iwe huru mmoja na mwingine, nawaambia vijana wachukue mstari wa nyuzi za chini za nyatiti wauweke mkono wa kushoto, urudie bila kubadilika, kisha mkono wa kulia uimbe chochote. Unaweza kuanza na do so la so. Utaona inavyogoma mwanzoni, na siku inapokubali.

Ukitaka kusikia jazz ya kodi chache iliyo karibu na hisia hiyo, tafuta "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, 1959. Vipimo 32: kumi na sita vya kwanza vimekaa kwenye skeli moja tu, re hadi re kwenye vibonyezo vyeupe, vinane vinapanda nusu toni, vinane vinarudi. Piano ni ya Bill Evans. Hakuna haraka ya kwenda popote.

#11 TenaWaKakamega

Ndugu, nimezima transpozi kama ulivyoagiza. Jumapili mwimbishaji alianza kwenye A flati, nikabaki nimeshika kinanda kama mgeni. C naiweza, G naiweza, F naiweza. Nifuate mpangilio gani ili nifike do zote 12, na vidole vyangu vya mkono wa kulia vinagongana kwenye skeli.

#12 KinandaKondele

Vizuri sana. Umekaa palepale inapofunguka.

Vidole kwanza. Gumba ni 1, kidogo ni 5. Skeli ya C kwa mkono wa kulia ukipanda: 1 2 3, gumba linapita chini, kisha 1 2 3 4 5. Mkono wa kushoto ukipanda: 5 4 3 2 1, kidole cha 3 kinaruka juu ya gumba, kisha 3 2 1. Mtoto wa Bach, Carl Philipp Emanuel, alichapisha mwaka 1753 kitabu cha kupiga kinanda na akasisitiza sana gumba linalopita chini. Kwenye skeli zenye vibonyezo vyeusi, kanuni ya kushika ni kwamba gumba linakaa kwenye nyeupe. Vidole virefu ndivyo vinavyofaa vyeusi, kwa hiyo Chopin aliwaanzishia wanafunzi wake skeli yenye vyeusi vingi kabla ya C.

Mpangilio: usipande C, D flati, D. Shuka kwa hatua tano tano. Do ikiwa C, inayofuata ni F, kisha B flati, E flati, A flati, D flati, na kuendelea mpaka urudi C. Kila hatua inaongeza flati moja au inapunguza shapu moja, na noti inayobadilika ni moja tu: ti ya zamani inashuka kuwa ta, na hiyo ta ndiyo fa mpya. Mwanakwaya aliyewahi kuimba ta anaijua hiyo. Tena mwendo huo ndio mwendo wa besi ya mbili-tano-moja, kwa hiyo ukizunguka duara hili unafanya kazi mbili.

A flati yenyewe, mkono wa kushoto: fa ni D flati na do ni A flati, shika hizo mbili. Kisha D flati na G. Kisha C na G. Besi, ukiwa peke yako, iguse kwanza kabla ya kushika: B flati, E flati, A flati. Imba solfa kwa sauti wakati vidole vinasogea, "fa do, fa ti, mi ti," kwa sababu maneno hayo hayabadiliki hata do ikihama.

Ikikaa, hamia D flati: G flati na D flati, G flati na C, F na C. Halafu Jumapili mwache mwimbishaji aanze anapotaka.

#13 TenaWaKakamega

Nimeipata A flati. G ile ya katikati ndiyo iliyokuwa inanipotea. Naingia D flati sasa.